Mektilda Mayige na Blanketi la Georgina

Padre, wazee wetu, majirani na ninyi nyote mliokaa nasi hapa msibani tangu Jumanne, mimi ni Onesmo Mayige, mdogo wake marehemu ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyoipokea nikidhani ni nyepesi kwa kuwa tarehe za ukoo huu huwa naziandika mwenyewe, lakini tangu juzi nimeirudia karatasi hii mara nne na bado kuna mstari mmoja sina hakika nao, mtausikia tutakapoufikia.

Dada yetu Mektilda alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Lalago, wilayani Maswa, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Wilbroad Mayige. Alisoma shule ya msingi hapohapo Lalago kuanzia mwaka 1965 hadi 1971 alipomaliza darasa la saba, kisha mwaka 1972 na 1973 alikaa Maswa kwa masista akijifunza kupika, kushona na kufuma, na huko ndiko alikoishika ile sindano yenye ndoano ambayo hakuiweka chini tena, hata mama yetu akawa anamwambia, "Wewe, sindano hiyo ndiyo itakayokuoa."

Kuanzia Januari 1976 hadi Novemba 1977 aliishi kwa shangazi yetu Shida, Mwamanyili, katika wilaya ambayo leo ni Busega. Kipindi hicho mimi nilikuwa sekondari, bwenini, na barua zilizotoka nyumbani hazikumtaja.

Mwaka 1978 aliajiriwa na chama cha ushirika kuwa karani wa mizani, akapima pamba ya wakulima kwa miaka kumi na mitatu, na ndugu aliyetaka aongezewe kilo kwa undugu alijibiwa, "Shemeji, mimi nakufahamu, mizani haikufahamu." Tarehe 4 Juni 1983, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa Maswa na marehemu Danford Machibya, fundi wa pampu za maji, wakahamia hapa Bariadi mwaka 1991, na shemeji yetu huyo alifariki tarehe 19 Agosti 2011.

Tangu walipohamia hapa, dada alifanya kazi yake nyumbani, kwenye kiti cha mlangoni, akifuma maua ya uzi na mablanketi ya vipande vya mraba, kila kipande akikianza katikati kwa duara dogo na kukizungushia rangi mpaka kipate pembe nne, kisha anaviunganisha. Maua yake mengi mmeyaona altareni na kwenye meza za harusi, na bibi harusi mmoja alimpigia simu wiki moja baada ya sherehe kumuuliza yanamwagiliwa mara ngapi, dada akamwambia, "Mwagilia kwa sabuni, mwanangu, halafu anika."

Katika mablanketi alikuwa na taratibu mbili ambazo naomba mzisikilize vizuri. Kwanza, hakuanza blanketi bila kumtaja mwenyewe, alisema kwa sauti hili la fulani, ndipo akatoa uzi. Pili, blanketi la mteja, la jirani au la mjukuu alilimalizia kwa ukingo mweupe wa mstari mmoja, na la mtoto wake wa kuzaa kwa mistari miwili. Binti yake Nancy aliwahi kumuuliza kwa nini wajukuu nao wasipate miwili, akajibiwa, "Hao wana mama zao."

Mwaka 2021 alianza kusahau, kwanza sufuria jikoni, kisha majina, mwishowe akawa anamwita mwanae Fredrick "baba mgeni" na kumkaribisha chai kwa heshima zote, lakini mikono haikusahau kitu. Januari 2024 alianza blanketi jipya na kusema, "Hili la Georgina."

Katika ukoo wetu hakuna Georgina. Tulidhani ni mteja, tukauliza sokoni na kwenye kwaya, hakupatikana, na shangazi zake Fredrick walimweka Fredrick kitako mpaka akaapa kwamba hana mtoto wa nje. Mwaka huu mwezi wa tatu, blanketi lilipokamilika, tukafanya kosa, tukampelekea Mwalimu Georgina kutoka Bukoba, mpangaji wa nyumba ya jirani, naye akalipokea kwa shukrani. Siku ya pili dada alivuka uani kwake bila viatu, akalitoa kwenye kamba, na mwalimu alipomwambia, "Mama, mimi ndiye Georgina tangu nizaliwe," akamjibu, "Wewe ni wa kwenu. Mimi nasema wangu."

Daktari alitueleza kwamba ugonjwa ule huchanganya watu na majina, tukaridhika. Juzi, tulipoyatoa mablanketi yote kuwatandikia wageni, niliyapanga na kuyakagua kingo. La Fredrick lina mistari miwili, la Nancy miwili, la Laurean miwili, ya wajukuu wote mmoja mmoja. La Georgina lina miwili.

Nilimpigia simu shangazi Shida, ambaye ni mgonjwa na hakuweza kusafiri, nikamuuliza dada alifanya nini Mwamanyili. Alisema, "Andika alilima mpunga." Nikasema, "Shangazi, karibu miaka miwili?" Akanijibu, "Mpunga una kazi nyingi, Onesmo," kisha akaanza kulia, na mjukuu wake akaichukua simu.

Basi mstari wenyewe unasomeka hivi: marehemu ameacha watoto watatu, Fredrick, Nancy na Laurean, na wajukuu wanane. Inawezekana ni sahihi, kwa sababu mtu aliyemsahau mwanae aliyemzaa anaweza pia kumkumbuka ambaye hakuwepo. Inawezekana pia si sahihi, na kwamba nimeishi na dada yangu maisha haya yote bila kumfahamu. Sijui. Jana mchana watoto walikaa pamoja, Laurean akataka blanketi lizikwe na mama yake ili maneno yaishe, Nancy akasema, "Mama hakuwahi kufuma kitu kisicho na mtu," na hapo wote wakakubaliana lisizikwe, na wakaniruhusu kusoma haya mbele yenu.

Mwezi uliopita alipata homa ya mapafu, akalazwa hapa Bariadi tarehe 29 Juni, na Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka 68. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomrudisha nyumbani kila alipopotea njia, wanakwaya, waliofanya naye kazi kwenye mizani ambao wamefika kutoka Lalago, na Mwalimu Georgina, ambaye hakutukasirikia na amepika nasi siku zote tatu.

Blanketi liko pale mbele, kwenye kiti kilicho kando ya Nancy, na kiti hicho hatukumpa mtu mwingine. Kama Georgina yupo hapa, au yupo anayemfahamu aliko, aje akae na wenzake kabla jeneza halijanyanyuliwa, leo hatutamuuliza kitu. Asipokuja, tutakwenda makaburini kiti kikiwa hivyohivyo, na kwenye daftari la ukoo, kabla ya jina la Fredrick, nitaacha nafasi.

Dada Mektilda, pumzika sasa, Mungu akupe amani yake.