Shangazi Kiganja na Magari Yenye Homa

Nimemkosea Shangazi Kiganja, na nalisema hili kabla ya lingine lolote. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na moja ya kulinda mali ya serikali isichezewe. Jarida la ofisi limeniomba mimi, msimamizi wa madereva, nimwandikie kwa kuwa tumekaa wote uwanjani muda mrefu. Sasa nitamsifu vipi na tope nililompaka bado halijakauka?

Alianza kama karani wa stoo, akapanda hadi mkaguzi wa magari. Jina la Kiganja tulimpa sisi madereva. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajaweka hata mkoba chini, alipita kwenye maegesho akigusa boneti moja baada ya nyingine, kama mama anayepima watoto. Akikuta ya moto kwenye gari lililotakiwa kulala tangu Ijumaa, basi: "Mjomba, mgonjwa wako ana homa. Jana alikwenda wapi?" Uwanja mzima tulivunjika mbavu, isipokuwa mjomba mwenyewe.

Halafu yale matairi. Yalifungwa mapya, wiki mbili baadaye yana vipara, mapya yanauzwa mtaani. Shangazi akaja na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kung'aa, akapaka nukta upande wa ndani wa kila tairi. Tukamcheka: "Shangazi, magari nayo yanaolewa?" Mwezi haukuisha, gari la fundi mmoja, lake binafsi, likakutwa limerembwa miguu yote minne. Matairi yale yakavuliwa yakafungwa gari la wagonjwa, lililokuwa limekaa juu ya mawe muda mrefu.

Sasa langu. Miaka sita iliyopita nilichukua pikapu ya ofisi Jumapili usiku nikamhamishie shemeji yangu makochi. Nilirudi alfajiri. Shangazi akagusa boneti, akanitazama. Wiki hiyo yeye mwenyewe alikuwa amenunua makochi, na alishatutangazia wote wakati wa chai. Nikakimbilia kwa mkurugenzi nikasema ni yeye aliyenituma nimchukulie. Uongo ukakaa vizuri kama kifuniko kwenye sufuria yake. Alikana, hakusikilizwa. Akapewa barua ya onyo, akarudishwa stoo miaka miwili, na huku uwanjani matairi yakaanza tena kuota vipara.

Aliporudi, Jumatatu ya kwanza aligusa boneti yangu, ikawa baridi. Akasema tu, "Huyu amepona," akaendelea na gari linalofuata. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mkurugenzi yule bado yupo, na onyo bado limo kwenye faili la Shangazi. Hatoondoka nalo. Jumatano saa nne nitaingia ofisini kwa mkurugenzi, Shangazi akiwepo, nimweleze gari lilibeba makochi ya nani, na niombe onyo lile litoke kwake lije kwangu. Wakinivua usimamizi, sawa.

Shangazi, asante kwa kutuchunga hata tulipokununia. Kapumzike kwenye makochi yako, kwa afya na kicheko. Na Ijumaa jioni usitafute usafiri, nitakupeleka nyumbani mwenyewe, kwa gari langu na mafuta yangu. Tukifika, gusa boneti. Itakuwa na homa, ila safari hii ya halali.