Baiskeli Mia Tatu na Mgonjwa Mmoja

Kuna jambo ambalo sijalifumbua mpaka leo: ni kwa njia gani jasho la meneja aliye juu ya baiskeli hugeuka kuwa dawa ya mgonjwa wa saratani. Nimesoma kidogo, nimeuliza sana, na bado sijui. Swali hilo nililipeleka kijiweni kwetu, kwenye benchi lililo kati ya kinyozi na banda la fundi baiskeli, asubuhi ya Jumatano tangazo lilipobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Ijumaa waendesha baiskeli mia tatu wangepita pale, wavuke daraja, wapande mlima wa hospitali na kuendelea hadi zitimie kilomita themanini, ili kuchangia matibabu ya saratani. Tulikuwa wanne kama kawaida, ukimwacha muuza kahawa, ambaye kazi yake ni kumimina na kuguna. Hakimu ndiye kinyozi. Hakuna aliyewahi kuinuka kwenye kiti chake bila kuhukumiwa. Spoku ndiye fundi baiskeli, na goti lake la kulia halikunjiki. Nakala ana mashine ya kuchapa, na tangazo lenyewe lilitoka kwake. Mimi wananiita Mwalimu, ingawa nilistaafu zamani.

Hakimu hakungoja kikombe kipoe.

— Mtu akikuomba maji, huanzi kukizunguka kisima mara tatu ndipo uteke. Unateka, unampa. Hawa wana nini?

— Wana kaptura, alisema Spoku.

Akatueleza kaptura zenyewe, za kubana, zenye mto makalioni. Wiki iliyopita mmoja wao alimletea baiskeli nyepesi kuliko sufuria, mnyororo umechomoka, mwenyewe hajui kuurudisha. Spoku alipokuwa akiurudisha, yule bwana akawa anampiga picha mikono. Alipoulizwa picha za nini, akasema ni za mazoezi yake.

— Mchumia juani hulia kivulini, alisema Nakala. Ramani nimeichapa mwenyewe. Hema la chakula liko kivulini.

Nilimwambia methali hiyo haina maana hiyo. Akanijibu kwamba methali ikishatoka mdomoni haina mwenyewe.

Nilijaribu kuwatetea kidogo. Nilisema nimesoma habari za watu wa zamani waliotembea miezi kwenda mahali patakatifu, na hali kusali wangeweza kusali nyumbani. Maumivu ya miguu yalikuwa sehemu ya sala. Huenda na hawa ni hivyo hivyo. Hakimu alinisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama watu hao wa zamani nao walifuatwa na gari la maji baridi.

Hapo nadharia zikaanza kukua. Kwa Hakimu, yote ni kumfurahisha bosi: bosi akipenda baiskeli, ofisi nzima hupenda baiskeli, angependa kupanda miti, saratani ingechangiwa juu ya miti. Nakala aliona mbali zaidi. Alisema kila mwendeshaji hufungwa kifaa mkononi cha kuhesabu mapigo ya moyo, na hesabu hizo huenda moja kwa moja kwa watu wa bima, ili mwenye moyo dhaifu apandishiwe ada kabla hajashuka kwenye baiskeli. Spoku alizitupa zote mbili.

— Nyie hamjui barabara. Ile ya huko mbele ina mashimo hakuna aliyewahi kuyahesabu, vipimo ni ghali. Sasa wamewatafuta mameneja mia tatu wayapime kwa makalio.

Muuza kahawa aliguna mara mbili, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. Hakimu akafunga kesi: chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako, kwa hiyo meneja wa mwisho atakuta hema tupu. Hata methali hiyo niliiacha ipite.

Ilikuwa yapata saa nne, Nesi akawa anashuka kutoka hospitalini. Ndivyo tulivyomwita, mwanamke wa makamo mwenye gauni la kufunga mpaka shingoni, ambaye kwa karibu wiki tano alipanda mlima kila asubuhi na kushuka baada ya saa mbili hivi. Hakimu alizoea kumtania, leo mmewachoma sindano wangapi, naye alitabasamu akapita. Siku hiyo hakupita. Alisimama kwenye nguzo akalisoma tangazo lote, kidole kikifuata mistari, kisha akatugeukia.

— Kaka zangu, hapa pameandikwa barabara itafungwa saa mbili hadi saa sita. Mgonjwa wa saa tatu atapitia wapi?

Tulimtazama Nakala. Nakala akalisoma tangazo lake upya. Lilitaja vituo vya maji, hema la wageni, maegesho ya mgeni rasmi, na gari la kubebea baiskeli zitakazoharibika. Wagonjwa hawakuwamo. Alisema yeye aliletewa achape, hakuletewa asome.

— Wewe usiwe na wasiwasi, Nesi, alisema Hakimu. Wafanyakazi mna vitambulisho. Watakupitisha.

— Mimi si nesi.

Akafungua kifungo cha juu cha gauni, kimoja tu. Chini ya mfupa wa shingo palikuwa na mstari wa wino wa zambarau, umekatwa na mwingine kama alama ya fundi seremala kwenye ubao.

— Nilichorwa alama hizi wiki ya kwanza, nikaambiwa nisizioshe. Napigwa mionzi. Ijumaa ni ya mwisho, saa tatu. Jumatatu mashine inafungwa, inatengenezwa mwezi mzima. Daktari amesema nikiruka hiyo moja, tutakuwa tumeacha mlango wazi.

Akafunga kifungo. Hakimu aliuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye kiti chake, kwa nini siku zote hizo hakutusahihisha.

— Kule juu naitwa kwa namba ya faili, alisema. Hapa nilikuwa nesi. Nikaona niache.

Kuzunguka hakuwezekani, hospitali ina barabara moja na daraja moja. Kwenda alfajiri na kungoja kule juu nalo lilishindikana, kwa sababu kazi yake ni kupikia shule ya bweni, na uji wa asubuhi hauna mtu mwingine. Kutembea alishajaribu: siku hizi mlima ule humpumzisha mara tano, na siku mbili zilizopita alikaa chini karibu na daraja asiinuke mpaka mpita njia alipomshika mkono, na tangu hapo hupanda kwa gari. Gari halingepita. Kingepita tu chenye magurudumu mawili na namba kifuani.

Kwa hiyo benchi likaamua, na kwa mara ya kwanza halikubishana. Nakala alikuwa na namba zilizoharibika mashineni. Akatoa mia moja na kumi na saba, iliyochapwa imelala upande. Spoku alichukua baiskeli ya kubebea magunia, akaifungia kiti cha nyuma chenye mgongo, mto, na mahali pa kuwekea miguu. Yeye na goti lake wasingeweza kuiendesha. Mimi umri wangu unajulikana. Nakala, ikafichuka, hajui baiskeli.

Ijumaa nilisimama darajani. Walipita kwa makundi, miwani myeusi, kaptura zile zile, wengine wakicheka, wengine wameshaanza kulia na mlima. Katikati yao nikaiona baiskeli ya magunia. Mwanamke amekaa wima nyuma, mkoba mapajani, kama abiria aliyelipa. Msimamizi wa daraja aliitazama ile namba iliyolala, akamtazama mama, akasogeza kizuizi. Mwendeshaji mmoja kijana, mwenye baiskeli nyepesi kuliko sufuria, akapunguza mwendo ampongeze mwenzake kwa kujitolea.

— Sijajitolea, nilimsikia Hakimu akimjibu, pumzi imemwishia. Nampeleka mtu hospitali.

Walifika saa tatu kasoro dakika kumi. Aliyempeleka alikuwa kinyozi, ndani ya koti lake jeupe la kazi, akiwatukana mameneja mlima mzima.