Shakwe wa Studio na Kiti cha Kumi na Mbili

Hebu niambie, wewe mwenye akili zako timamu: mtu unamdai vipi picha za mahali ulipomkataza kukanyaga?

Usijibu haraka. Kaa kwanza. Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, kwa hiyo kaa katikati. Ukikaa pembeni utatumwaga wote. Liko kwenye kona, kati ya duka la vifaa vya umeme lililofungwa na studio ya picha ambayo bado inakataa kufungwa. Shangazi Birika yuko hapo ukutani na jiko lake la mkaa, anamimina kahawa nyeusi kama roho ya afisa ajira. Kulia ni pa Kamishna, mlinzi mstaafu wa geti la wizara. Alifungua na kufunga geti miaka ishirini na sita, sasa anaamini kila siri iliyopita ndani ya gari la vioo vyeusi aliiona yeye. Kushoto ni pa Studio, mpiga picha za pasipoti. Mimi wananiita Digrii, na hawaniiti hivyo kwa sifa. Nina shahada ya sayansi ya wanyamapori, upper second kabisa, mwaka wa nne huu niko mtaani, na mnyama pekee aliye chini ya usimamizi wangu wa kitaalamu ni paka wa Shangazi. Juu ya vichwa vyetu limebandikwa tangazo, na ndilo lililotuharibia siku.

Tangazo lenyewe ni hili. Meli ndogo, wageni kumi na wawili tu, siku tisa kuzunguka visiwa vya mbali kupiga picha za ndege, kasa na pomboo. Wageni kumi na mmoja wanajilipia. Kiti cha kumi na mbili ni cha bure, kwa mpiga picha mwenyeji, "kwa mwaka wa saba mfululizo". Mwombaji alete picha tatu za viumbe wa visiwa hivyo, alizopiga mwenyewe. Mwisho wa kupokea maombi ni leo, saa kumi jioni, Ofisi ya Visiwa. Na kule chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: ni marufuku kushuka visiwani isipokuwa mgeni wa meli.

Saa sita kasoro, Studio akatoka kwake na bahasha ya kaki.

— Nimemaliza, akasema. Naomba muziangalie kabla sijapeleka. Lakini msicheke.

Kumwambia Kamishna asicheke ni kumfungulia bomba. Bahasha ikafunguliwa. Picha tatu. Shakwe, yule ndege mweupe wa baharini anayeiba vichwa vya samaki sokoni. Nyuma yake shuka jeupe. Ametazama mbele. Kichwa kimenyooka, mdomo umefungwa, macho mawili yanaonekana sawasawa.

— Huyu anasafiri lini? Kamishna akauliza.

— Kamishna, nimesema msicheke.

— Sicheki, nauliza. Na tai mbona hukumvalisha? Si unayo ile ya kuazimisha wateja?

— Masikio hayaonekani, mimi nikadakia. Uhamiaji watamrudisha huyu.

Shangazi Birika akacheka mpaka birika likagonga jiko. Studio hakucheka. Akazipanga picha zake tena, akizishika pembeni kwa ncha za vidole, kama anavyowafundisha watu siku zote.

— Digrii, wewe umesoma mambo ya ndege. Macho ya ndege yako wapi?

— Ubavuni mwa kichwa.

— Basi unajua kumpata akutazame hivi ni kazi. Nilitundika shuka nyuma ya meza ya samaki, nikachuchumaa saa mbili na nusu. Wauza samaki walidhani nimeingiwa na kitu. Miaka kumi na tisa nawaambia watu tulia, tazama hapa, usitabasamu. Huyu ndiye wa kwanza aliyenielewa.

Hapo kicheko changu kikakwama. Niliitazama tena ile picha ya kwanza. Kweli, yule ndege alikuwa anakutazama wewe. Hakuwa pambo la bahari. Alikuwa mtu na shida zake.

Lazima ujue kwa nini Studio amechuchumaa saa mbili na nusu. Siku hizi ofisi zote zinapiga picha zao wenyewe, kwa kamera iliyofungwa juu ya kompyuta. Anayekuja studio sasa ni mtu anayetaka kuazima koti na tai, ajipige kwa simu yake. Shemeji yake amemtafutia lindo kwenye ghala la saruji. Anaanza Jumatatu. Sare imeshaletwa, inaning'inia kwenye msumari uleule wa koti na tai. Mke wake kamwambia: kama ile meli imekuchukua, nenda, nitasema na kaka yangu. Kama haikukuchukua, baba, vaa.

Na meli hakuiota tu. Mwaka jana mgeni mmoja wa meli hiyo, wale wenye vizibao vya mifuko hamsini, alipita hapa lenzi imeingia vumbi. Studio akamsafishia. Yule mgeni akamwonyesha picha kwenye kamera: ndege elfu kwenye jabali moja, kasa anachimba mchanga. Akamwambia, una bahati, hivi vyote viko mbele ya mlango wako. Studio akajibu ndiyo, najua. Alikuwa hajui. Hajalala vizuri tangu siku hiyo.

— Mimi nawaambia, Kamishna akaanza, akiweka kikombe chini, ishara kwamba sasa tunaingia kwenye mambo ya serikali. Kwa nini kumi na wawili? Kwa nini si thelathini?

— Meli ndogo, nikasema.

— Meli ndogo! Dogo, umesoma lakini hujaelimika. Kumi na wawili ni idadi ya watu wanaoweza kutunza siri. Kule kuna madini. Ndege ni geresha.

— Watu wanakwenda na lenzi, Kamishna, hawaendi na sururu.

— Na hiyo lenzi inaona wapi? Inaona chini ya ardhi! Nimeshika geti, mimi. Nimeona makasha yanaingia yameandikwa "vifaa vya picha", wanaume wanne wanabeba kasha moja. Picha gani ina uzito huo?

— Betri, Studio akasema.

— Betri ya nini, ya kuwasha kisiwa? Na nani kasema visiwa vipo? Shangazi, umeviona?

— Nimeviona kwenye kalenda, Shangazi Birika akajibu.

— Kwenye kalenda! Umesikia? Kalenda inachapwa na nani?

Huyo ndiye Kamishna. Kaanza na madini, dakika nne baadaye kafuta visiwa baharini. Nikaona nimrudishe Studio kwenye jambo lenyewe, hata kama litauma.

— Kaka, picha ni nzuri. Nasema kwa moyo. Lakini kuna matatizo mawili. Moja, tangazo linataka picha tatu.

— Ndizo hizo.

— Hizi ni picha tatu za ndege mmoja.

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha.

— Sasa ulitaka ndege wangapi? Fomu yoyote ikisema picha tatu, unapeleka picha tatu za mtu mmoja. Ukipeleka watu watatu, fomu ya nani hiyo?

Ukishapiga pasipoti miaka kumi na tisa, ndivyo dunia inavyokaa kichwani. Hata Kamishna aliinamisha kichwa kwa heshima.

— Sawa, nikasema. La pili ndilo baya zaidi. Wanataka viumbe wa visiwani. Huyu ni wa soko la samaki. Watakwambia huyu tunaye hapa dirishani.

Studio akakaa. Benchi likayumba, tukashika vikombe. Akavitazama viatu vyake.

— Visiwani sijafika, akasema taratibu. Siruhusiwi kufika. Ningempiga wapi huyo wa kule?

Shangazi Birika akamwongezea kahawa ambayo hakuiomba.

— Hizi ndizo zote ulizopiga? nikauliza, basi tu ili nisinyamaze.

— Kuna moja iliharibika. Alirudi nyuma wakati nabonyeza, akatokea mzima mzima na miguu. Nani anapeleka pasipoti yenye miguu?

Akaitoa mfukoni mwa shati, imekunjwa katikati. Nikaikunjua. Na mimi, ambaye mafunzo kwa vitendo ya kuvisha ndege pete tuliyafanyia kuku wa mkuu wa idara kwa sababu gari la chuo halikuwa na matairi, mimi nikasimama wima mpaka benchi likamwangusha Kamishna.

— Ana pete!

— Ameoa? Kamishna akauliza kutoka chini.

— Mguuni! Pete ya buluu! Soma hapa, K, nne, moja, saba. Studio, hii kamera yako ni shetani, namba inasomeka! Kaka, ndege hazaliwi na pete. Watafiti humvisha akiwa kinda, kiotani, kabla hajaruka. Pete za buluu zenye K nimezisoma kwenye ripoti chuoni kurasa mia mbili, na makinda wote wa K walivishwa kule. Visiwani. Huyu bwana kazaliwa kule, huku kaja kutafuta riziki tu!

— Una uhakika? Studio akauliza.

— Ni kitu pekee duniani nilicho na uhakika nacho. For your information, ndicho nilichosomea.

— Na hawa wa picha nyingine?

— Si umesema ni mmoja? Tazama hili pengo dogo kwenye mdomo, juu kulia. Liko kwenye zote nne. Kama ungepiga watatu tofauti kama mpiga picha wa kawaida, ungekuwa na kiumbe mmoja wa visiwani na wezi wawili wa sokoni. Ushamba wako umekuokoa!

Shangazi Birika akapiga kigelegele. Kamishna, akijipangusa vumbi, akatahadharisha kwamba hiyo pete ni kinasa sauti, na tangu sasa wauza samaki wachunge midomo yao. Hatukumsikiliza. Nikaandika barua ya maelezo juu ya goti langu: namba ya pete, inakovishwa, alama ya mdomo. Aya tatu. Miaka minne nimeandika barua za kuomba kazi, lakini hiyo ndiyo barua ya kwanza niliyoiandika nikiwa na kitu cha kusema. Studio akaingia ndani, akatoka amevaa lile koti la wateja na tai. Picha yenye miguu akaipiga pasi, akaibana kwenye barua yangu kama ushahidi, juu ya zile tatu.

Wakati tunafunga bahasha, akaja yule mama fundi viatu aliyehamia mtaani siku tatu zilizopita, bado hatujampa jina. Akaomba kahawa, akasimama akilisoma tangazo, kikombe mkononi. Alisoma polepole, mpaka zile herufi za chini.

— Habari zenu, wazee.

— Nzuri, mama, karibu.

— Naona wameandika mwaka wa saba. Hiki kiti cha bure, mwaka jana alikikalia nani?

Kamishna akafungua mdomo. Akaufunga. Sijawahi kuona hilo likitokea.

— Mwaka jana... akasema Shangazi Birika. Si yule... hapana, yule alikwenda kusoma.

— Mpiga picha wa harusi wa kule mtaa wa juu? nikajaribu.

— Huyo aliomba, Studio akasema. Mara mbili. Hawakumjibu.

— Na mwaka juzi? akauliza yule mama. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anapuliza kahawa yake. Nauliza, akaongeza, kwa kuwa aliyekwenda angewaambia fomu inajazwaje.

Mtaa huu tunajua nani kanunua godoro jipya. Tunajua nani kagombana na mama mkwe na kwa sababu gani. Mtu wa hapa apande meli nyeupe siku tisa, arudi na picha za kasa, sisi tusijue? Mara sita?

— Labda walikwenda kwa siri, Kamishna akasema, lakini sauti haikuwa yake.

Studio akaitazama bahasha. Nilidhani atavua koti. Akanyoosha tai.

— Napeleka, akasema. Nitawauliza na hilo.

Tukamsindikiza wote, hata Shangazi, jiko akaliachia paka. Dirisha namba tatu. Saa tisa na dakika kumi bahasha ikapokelewa, ikagongwa muhuri. Studio akauliza kwa adabu zake zote: samahani, dada, mwaka jana alikwenda nani? Yule dada akatazama daftari, akatazama mlango wa bosi, akasema subiri utaitwa. Studio akasema asante. Amerudi kukaa benchini na koti la wateja, anatazama barabara. Kahawa imekwisha na hakuna aliyeondoka.

Sasa nasema na ninyi, wakubwa wa Ofisi ya Visiwa. With due respect, na hiyo respect inakaribia kwisha. Shakwe K417 ametoka kwenu kuja kwetu bila kibali, bila fomu na bila picha tatu, na amepigwa picha na mtu wetu akiwa amemkazia macho. Mnalo jibu letu mezani kwenu. Sisi hatuna lenu. Bandikeni hapa ukutani, chini ya tangazo lenu, kwa herufi kubwa, majina ya watu sita waliokalia kile kiti. Sita, si watano. Na kama hayapo, andikeni kwamba hayapo, halafu mumpandishe Studio kabla ya Jumatatu, maana sare bado iko kwenye msumari.