Kondoo Aliyebakiza Siku Tisa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu mliomfundisha binti yangu na mliochoshwa na maswali yake, wazazi wenzangu, wahitimu, na wewe dada mpishi unayeniangalia kwa jicho baya hapo mlangoni: nawasalimu nyote.

Nimepewa dakika tano niseme kwa niaba ya wazazi. Nitamsema binti yangu, maana wa kwenu siwajui. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini aliyeongoza wahitimu wote wa utabibu wa mifugo leo katoka tumboni mwangu, kwa hiyo hesabu pigeni wenyewe.

Mnasikia harufu gani kutoka jikoni? Maharage. Na ni nani aliyesimama kwenye kikao cha wazazi akatangaza kwamba wageni wote wataletewa kondoo dume mzima, aliyenona mpaka mkia unamlemea? Ni mimi. Basi kabla hamjaanza kuniteta, sikilizeni kondoo yuko wapi.

Wiki tatu zilizopita alianza kukohoa, kamasi zinamtiririka. Binti yangu alikuwa nyumbani, lakini sikumwita, wa nini? Nilikuwa na chupa yangu ya dawa ya ng'ombe, imekaa dirishani jikoni tangu mwaka juzi, na sindano yangu ileile nimeichomeka kwenye kizibo. Nimeshambana kondoo kwa magoti, nimelenga paja, nikasikia nyuma yangu, "Mama, huyo unamtibu au unamkomoa?"

Akaninyang'anya bomba la sindano mbele ya majirani. Dawa ilikuwa imepitwa na muda, tena imepigwa jua. Akauliza kondoo ana uzito gani. Nikasema kilo sitini. Mnanijua, changu huwa hakipungui. Akampandisha kwenye mizani ya magunia: kilo arobaini na moja.

"Mama, dawa haijui kujisifu," akasema. "Inakwenda kwa kilo."

Akaleta dawa mpya, akasoma karatasi yake yote, hata yale maandishi ya sisimizi. Akafungua sindano mpya. Akamdunga shingoni, kwa sababu paja likipata jipu ndani, nyama nzuri ndiyo imeharibika. Akavuta bomba nyuma kidogo kuhakikisha hajachoma mshipa wa damu, ndipo akasukuma polepole. Sindano iliyotumika akaitia kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Siku tatu hivyohivyo, ingawa siku ya pili kondoo alikuwa ameshapona na mimi nimeshasema inatosha. Kila siku akaandika daftarini, na mwisho akamfunga kitambaa chekundu shingoni, alama ya mnyama aliye kwenye dawa. Kitambaa changu cha kanisani, lakini hayo tutayamaliza nyumbani.

Jana asubuhi nikanoa kisu. Binti akasimama mlangoni mwa zizi na daftari lake. Karatasi ya dawa inasema zipite siku ishirini na nane tangu sindano ya mwisho, dawa iishe mwilini, ndipo nyama iliwe. Zilikuwa zimepita kumi na nane. Nikamwambia mgeni rasmi hasomi daftari. Nikamkumbusha nani alimzaa. Nikamwambia ananiaibisha mbele ya watu mia mbili.

Mtoto huyu nimemwona akimshika fahali pua bila kupepesa macho. Jana alishindwa kunitazama usoni. Lakini hakutoka mlangoni.

"Ukimchinja, mama, nitakuwa nimewapa dawa watu mia mbili wasioumwa, bila kumpima hata mmoja uzito."

Nilirudisha kisu jikoni, nikaanza kuchambua maharage.

Mkuu wa Chuo, cheti chako ni kizuri, nitakitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yangu. Lakini mtihani wa mwisho aliufanyia uani kwangu, na msimamizi alikuwa na kisu. Amefaulu. Nasema mbele yenu, kwa sababu jana nilishindwa kumwambia.

Asanteni kwa masikio yenu. Matumbo yenu nitayaomba radhi baada ya siku tisa, nyumbani kwangu, na kisu atanikabidhi yeye.