Uyoga Mweupe wa Seremala

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi viatu, na watu wake ni wale wale: Kinyozi, Karani mstaafu, na Fundi Viatu mwenyewe. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa bado ya moto Seremala alipofika na mfuko. Aliingia msituni kutafuta mti wa mpini, akakuta uyoga mweupe pee, mpana kama kisahani. Akachuma wa kuwatosha mkewe na watoto watatu. Njiani moyo ukasita. Akaona heri aulize.

— Unalika huo, alisema Kinyozi. Tazama tundu hili. Mdudu kala, mdudu kaenda zake.

— Labda kaenda kufa, alisema Fundi Viatu.

— Wewe nawe, alisema Kinyozi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Karani akakohoa. — Kipimo ni kijiko cha fedha. Chemsha nacho. Kikiwa cheusi, ni sumu.

— Kijiko cha fedha nikitoe wapi mie, mzee wangu?

— Basi hata cha bati. Vyote vijiko.

— Babu yangu alikuwa anaupigia mluzi, alisema Fundi Viatu. Wenye sumu unajikunja.

Kinyozi akapiga mluzi. Wakasubiri. Haukujikunja.

— Tupige kura, alisema Karani. Penye wengi hapaharibiki neno.

Mikono mitatu ikapanda: unalika. Seremala akapumua, akaanza kufunga mfuko.

Hapo akatokea muuguzi wa zahanati, aliyefuata viatu vyake. Aliomba kuona. Akashika uyoga mmoja kwa kipande cha gazeti, akaugeuza, akatazama kifuko chake cha chini, mfano wa ganda la yai lililopasuka.

— Nani kati yenu ameshawahi kuula?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Karani akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Fundi Viatu akatafuta uzi ambao alikuwa ameushika.

— Mtu anakula, analala vizuri, alisema muuguzi. Tumbo linaanza kesho yake. Akifika kwetu, ini limeshaharibika.

Seremala akamfikiria kitinda mimba wake, anayekula chochote baba akimtengea. Alikwenda nyuma ya kibanda, akachimba shimo la kina cha mkono, akaufukia uyoga wote pamoja na mfuko.

— Mimi nilisema unalika, Kinyozi alijitetea. Sikusema aule.

Fundi Viatu alileta ndoo, akammiminia Seremala maji. Akanawa hadi viwikoni, kisha akaomba amwagiwe tena.