Jina la Gracia Lilitoka Mara Mbili

Pale mtaani Kamalondo, kwenye benchi letu mbele ya meza ya kahawa ya Katongo, Jumatatu ile watu walikunywa bila raha. Wanakwaya walikuwa wamecheza mchezo wa zawadi za Noeli: kila mmoja anafinya kitufe kwenye simu yake, inampa jina la mwenzake mmoja, halafu anamtafutia zawadi huyo. Programu aliitengeneza Chola, kijana anayesoma informatique, mambo ya kompyuta, chuoni. Jana yake, siku ya kutoa zawadi, Gracia aliitwa mara mbili. Mulenga, mchumba wake, tunayemwita Cadenas, yaani kufuli, kwa jinsi anavyomlinda, alimpa viatu. Kisha Chola naye akasimama, akampa herini. Viatu vilimbana. Herini alizivaa palepale.

— Bantu bote bale mu kwaya, Mulenga alisema, na machine inamupa Chola Gracia wangu. Ile ni hasard, bahati tu?

— Haina hasard, alijibu mzee Édouard, Chef de Gare wetu, mkuu wa stesheni aliyestaafu reli zamani. Mwenye kutengeneza programu njo anaiambia ya kufanya. Aliiandikia: mi, unipe Gracia.

— Nilikuwa najua.

— Ao hakuandika kitu. Telefone za sasa zinasikiaka muntu akilala. Chola analala, anaita Gracia, telefone inashika.

Mulenga aliweka kikombe chini.

— Alafu kuko ingine ya kuogopesha, mzee aliendelea. Kama ni machine yenyewe njo inamupenda? Haiwezi kumuoa, basi inamuita-ita tu.

Katongo alicheka. Mulenga hakucheka.

— Jana mu njia alikuwa anagusa-gusa zile herini, alisema. Mi niko pembeni yake, nabeba viatu mu sachet.

Ndipo Chola akapita, vitabu kwapani. Mulenga akamwita.

— Kuya hapa. Uniambie mbele ya hawa: ulipanga?

— Hapana, mukubwa. Siku ya kuvuta majina, pasta alisema bote mufinye pamoja. Ordinatère, kompyuta yangu, ikaanza kujibu bantu mingi kwa mara moja, kila muntu na njia yake. Lakini kitu cha kuchagua nambari kilikuwa kimoja tu. Wewe ulikiuliza, mi nikakiuliza, kabla kijibadilishe. Kikatupa nambari moja, ile ya Gracia, na jina yake ilikuwa ingali mu liste.

— Ungepatia kila njia kitu yake ya kuchagua nambari, alisema Chef de Gare.

— Hata vile, papa, kama zote zinaanza kuhesabu ku saa ileile, dakika ileile, zinatoa nambari zilezile. Ilikuwa lazima kufunga mulango: mumoja aingie, achukue nambari, jina itoke mu liste, njo wa pili aingie. Ao nichanganye majina yote kwanza, kisha nigawe tu. Mi niliipima peke yangu, na telefone moja. Ilikuwa inatembea muzuri.

Mulenga alisukuma kikombe pembeni.

— Sawa. Na herini? Zile nazo ordinatère njo ilichagua?

Chola alitazama viatu vyake. Mulenga akainuka. Nilisogea kati yao.

Sauti ikatoka nyuma yetu. Alikuwa mama Josée, mjane wa kwaya, ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi letu. Alikuja kununua kahawa, akakuta mazungumzo.

— Kama Gracia alitoka mara mbili, alisema, basi njo maana mi sikutoka.

Chola aligeuka taratibu.

— Ndiyo, mama. Jina yako njo ilibakia mu liste. Unisamehe.

— Machine siikasirikii. Haina macho. Lakini mi nilikaa kati yenu mupaka mwisho, napigia kila muntu makofi. Wewe Mulenga, kiti chako kilikuwa pembeni ya changu. Wewe Édouard ulikuya kutazama, ukakaa mbele yangu. Hakuna hata mumoja mwenye aliona siko na kitu mu mikono?

Mulenga alimtazama Chola, Chola akamtazama Mulenga. Chef de Gare akavua kofia. Katongo alimimina kahawa, akampa. Mama Josée alikipokea kikombe, hakunywa, akaendelea kutungojea tumjibu.