Namba Tisa Amegoma

Basi lilianza kupanda kuelekea Newala, na Mama Faridi alikuwa bado hajapata nafasi ya kusema. Jirani yake wa kiti, Mzee Selestini, alikuwa amekwenda Masasi kutazama mpira wa kikapu kwenye luninga, akakuta fainali imefutwa kwa sababu wachezaji wa ligi wamegoma.

"Vijana wamedekezwa, hata namba tisa wetu!" Mzee alilalamika. "Sisi mashabiki tumewakosea nini?"

"Baba, korosho unalima?"

"Kwetu nani halimi?"

"Mnadani mkisomewa bei mbovu mnafanyaje?"

"Tunakataa, zinabaki ghalani. Mimi ndiye huanza kupiga kelele."

"Na walaji wa korosho wamewakosea nini?"

Mzee alicheka hadi akakohoa. Mama Faridi hakucheka. Hakuwa amesahau mwezi mzima aliomkanda mwanawe goti, timu ikisema matibabu hayamo kwenye mkataba. Mwenye timu, bila shaka, mwezi huo alitembea vizuri tu.

"Namba tisa ni mwanangu," alisema. "Amegoma ili akiumia atibiwe."

"Faridi? Yule wa mkono wa kushoto?" Mzee alimgeukia mzimamzima, kama aliyeokota ndugu. Kisha akakunja uso upya. "Hata hivyo, mama, wangemaliza fainali kwanza."

"Wakishaimaliza, nani atawasikiliza?"

Basi liliingia stendi. Mzee akamteremshia mzigo wake, bado amenuna.

"Mwambie asikubali mpaka waandike," alisema. "Lakini afanye mazoezi. Akirudi uwanjani amenenepa, nitamzomea mimi mwenyewe!"